Aliyeitwa Hakuitika

Taratibu alipiga hodi, fundi hakuitika. Akapiga tena. Mle ndani nyundo iliendelea kugonga, ko, ko, ko, na yule bwana mrefu aliyepiga magoti nyuma ya kochi hata uso hakuinua. Basi akaingia bila kukaribishwa, akasimama kando ya marobota ya sponji, akangoja. Kungoja ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote. Hilo jina la Taratibu alipewa ofisini kwao, kwenye ofisi inayochunguza askari wanaotuhumiwa, na wengi walioletwa mbele yake walilicheka siku ya kwanza tu.

Alikuwa amekuja kukitazama upya chumba alimofia mtu.

Habari yenyewe mji mzima ulikuwa nayo. Jioni moja ya wiki iliyopita, umeme umekatika, askari wawili walimfukuza kibaka aliyepora simu. Kibaka akapotelea kwenye safu hii ya karakana. Sajini akaingia humu na bastola mkononi, na nyuma yake akaja konstebo anayeendesha gari lao, ambaye kila mtu alimwita Dereva. Risasi moja ikalia. Aliyekufa hakuwa kibaka. Alikuwa fundi makochi, mwenye karakana yake, kwenye kazi yake. Sajini aliandika kwamba fundi alimjia na nyundo huku akipiga kelele, "Nitakuua." Dereva naye akaandika vilevile, hata nukta hazikupishana.

Tangu hapo watu hawakulala. Sasa hivi redio ya kinyozi wa jirani ilikuwa ikipokea simu za wasikilizaji. Mmoja alisema askari akiua bila sababu ni muuaji kama muuaji mwingine, nguo tu ndizo tofauti. Mwingine akasema mkimfunga Sajini, siku mkivunjiwa milango mpigieni simu marehemu. Kinyozi akaongeza sauti.

Kesho asubuhi mwendesha mashtaka angetangaza kama Sajini anashtakiwa au jalada linafungwa. Likifungwa, maneno ya Sajini ndiyo yangebaki: fundi alikufa kama mhalifu. Mjane wake alifika ofisini kwa Taratibu mara moja tu, hakulia wala hakumlaani mtu. Alisema binti yake amekataa kwenda shule, kwa sababu wenzake wanamwita mtoto wa jambazi, na yeye kama mama hana cha kuwajibu.

Nyundo ikanyamaza. Bwana mrefu akainamisha kichwa, akakinga kiganja cha kushoto chini ya kidevu, akatema. Misumari midogo myeusi, yenye vichwa bapa, ikamwagika kiganjani imelowa mate.

"Samahani, mama," akasema. "Nilikusikia. Karibu."

Huyu alikuwa mshirika wa marehemu. Jioni ile hakuwepo, alikuwa amepeleka viti kwa mteja, na kwa hiyo hakuna aliyemhoji kwa zaidi ya maneno mawili. Taratibu alikaa kwenye stuli isiyo na sponji, akakitazama kile kiganja.

"Unaweka mingapi?"

"Konzi moja. Mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili umeshika nyundo. Wa tatu Mungu hakutupa, basi mdomo ndio kopo."

"Na mtu akikuita?"

"Atangoja nimalize msumari nilioanza, kisha niteme. Wateja wapya wanaudhika. Wanasema mafundi makochi tuna kiburi."

"Marehemu naye?"

Bwana mrefu akaigeuzageuza misumari kwa kidole gumba. Akasema mtindo huo alijifunza kwake. Marehemu alikuwa akiweza kumaliza kochi zima bila kutoa neno, hata mkewe akawa anatania kwamba yeye aliposwa kwa ishara.

Taratibu akamwuliza kwa nini hakulisema hilo mapema. Jibu lilikuja upande. Mwaka jana, akasema, cherehani yao kubwa iliibwa, na Sajini ndiye aliyeifuata hadi akaipata. Siku ile yeye alimbeba Sajini mabegani mtaa mzima, watu wanapiga vigelegele.

"Mabega haya haya, mama. Sasa leo nimnyooshee kidole?"

"Sijakuomba umnyooshee," Taratibu akasema. "Nionyeshe kochi alilokuwa akilifanya."

Lilikuwa limesukumwa pembeni, limefunikwa turubai. Mwenye nalo alilikataa. Taratibu akapiga magoti nyuma yake. Kitambaa cha kahawia kilikuwa kimepigiliwa kuanzia kushoto, msumari baada ya msumari, mstari umenyooka kama umepigwa kwa rula. Kupita katikati mstari ukakoma. Msumari wa mwisho ulikuwa umeingia nusu tu, na kitambaa kilichobaki kilining'inia. Fundi alikuwa katikati ya safari yake.

"Kopo la misumari linakaa wapi?"

Bwana mrefu akaonyesha rafu, ukuta wa pili, ng'ambo ya chumba. Siku zote lilikuwa pale, akasema, halijawahi kuhama, kwa sababu ya kuogopa kulipiga teke.

Taratibu akatoa mkobani picha zilizopigwa jioni ile. Sakafuni kulikuwa na vipande vya sponji, nyundo, na damu. Msumari hata mmoja haukuonekana. Mkononi misumari haikuwepo, sakafuni haikuwepo, kopo liko mbali. Na fundi alikuwa akipigilia. Alirudisha picha mkobani, akaaga. Alichokuwa akikiwaza hakumwambia mtu.

*

Muuza mitumba wa ng'ambo ya barabara alikuwa shahidi mkubwa wa Sajini. Picha ya Sajini ilikuwa imebanwa kwa kibanio cha nguo juu ya mashati yake. Alishasema redioni kwamba alisikia kwa masikio yake "Nitakuua."

Taratibu hakumwuliza alisikia nini. Alimwuliza alikuwa akifanya nini. Mwanamke akasema alikuwa anakunja suruali kabla giza halijaingia. Kisha? Kisha akasikia mtu anaita, "Wewe! Wewe, nakuita!" Kisha mlio. Na "Nitakuua" ilikuja kabla ya "Wewe" au baada? Mwanamke akafungua mdomo, akaufunga. Akasema baada. Halafu akasema kabla. Taratibu akamsaidia kukunja sketi mbili, akamwuliza kwa upole ni nani aliyemwambia hilo neno kwanza.

Ilikuwa redio, asubuhi yake.

"Lakini Sajini si mwongo, dada," muuza mitumba akasema. "Kabla hajaletwa hapa, kibanda hiki kilivunjwa hadi nikawa nalala na bidhaa chini ya kitanda. Wewe hujui."

Taratibu akakubali kwamba hajui. Akaondoka na ile "Wewe" peke yake, nayo ilimtosha. Palikuwa na mtu aliyeita, na hakuna aliyesikika akijibu.

*

Chumba cha daktari wa uchunguzi wa maiti kilikuwa nyuma ya hospitali, dirisha lake linatazama tangi la maji. Daktari alikuwa mtu mzima, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimwambia Taratibu mapema kwamba ripoti yake ilishakamilika na sababu ya kifo haina utata, risasi ya kifua. Taratibu akasema hana shaka na hilo. Alitaka tu kuiona picha ya eksirei.

Daktari akaibandika kwenye kisanduku cha mwanga. Fundi akatokea, mbavu na shingo na taya, mweupe juu ya weusi.

"Hapa umeandika vipande vya chuma kooni," Taratibu akasema. "Vinavyodhaniwa vya risasi."

"Ndiyo."

"Risasi uliitoa?"

"Niliitoa. Ilikwama kwenye uti wa mgongo."

"Ilikuwa imevunjika?"

"Hapana. Nzima." Akaigeukia tena picha. "Nzima kabisa."

Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa, akasogea karibu na kisanduku mpaka pua ikakaribia kugusa. Kulikuwa na vijistari vidogo kooni, na vingine vimelala shavuni, vimebanana. Daktari alivitazama muda mrefu kwa mtu ambaye kazi yake imeshakamilika.

"Vina vichwa," akasema.

Hakujitetea sana. Alisema siku ile basi lilikuwa limepinduka, maiti zimelazwa hadi korido, na huyu aliletwa na barua inayouliza kitu kimoja, amekufa kwa nini. Vya shavuni alidhani ni meno yaliyozibwa. Mdomo hakuufungua. Mtu akipigwa kifuani, akaeleza, huvuta pumzi kwa nguvu, na kilichomo mdomoni huifuata.

"Na sasa?"

"Sasa ameshazikwa," daktari akasema. "Amezikwa na misumari yake."

Akaketi, akavuta karatasi, akaanza kuandika masahihisho kwa mkono wake mwenyewe. Taratibu akangoja mpaka wino ukakauka.

*

Dirisha la mwendesha mashtaka lilikuwa juu ya ngazi za jengo, na chini yake makundi mawili yalikuwa yametenganishwa kwa kamba. Upande huu walishika picha ya fundi, upande ule walishika picha ya Sajini. Kwa juu hukuweza kuwatofautisha kwa chochote kingine. Jasho lilikuwa moja.

Mwendesha mashtaka aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa mtu wa kusema polepole, kila neno analipima kwanza kama atalazimika kulirudisha.

"Kwa hiyo marehemu walimlisha maneno."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Hakusema nitakuua."

"Hata angetaka."

"Vizuri." Akaiweka picha mezani, kifudifudi. "Sasa nisikilize. Picha hii inamsafisha marehemu, na inamsafisha Sajini vilevile."

Akamweleza. Mtu ameingia kwenye chumba chenye giza, anamtafuta mhalifu. Ameona kivuli chenye nyundo. Ameita. Aliyeitwa hakuitika. Wakili wa Sajini akiiona picha hii tu, kesho maelezo yatabadilika. Sajini atasema alichanganyikiwa, labda hayo maneno alidhani ameyasikia, lakini kilichomtisha hasa ni kule kunyamaza. Nani asiyetishwa na mtu anayeitwa gizani akanyamaza?

"Mahakama itamwonea huruma," akasema. "Na akiachiwa hawezi kushtakiwa tena. Hawa wa upande ule watambeba. Hawa wa upande huu watachoma kitu. Mimi nitakuwa nimewapa wote sababu."

"Ndiyo maana picha hajaiona," Taratibu akasema.

Mwendesha mashtaka akamtazama.

"Maelezo yake ya kwanza aliyaandika kituoni, kwa haraka. Nataka ayarudie mbele yangu na wakili wake akiwepo, ayasaini kila ukurasa. Ukimya asiweze kuukimbilia tena."

"Hilo litamwonyesha mwongo. Mwongo si lazima awe muuaji." Akakuna kidevu. "Nataka kujua kitu kimoja. Aliyeitwa hakujibu kwa mdomo. Haya. Alifanya nini? Alinyanyuka? Alinyanyua nyundo? Ukinipata hilo, nitashtaki. Usiponipata, jalada nitalifunga kesho, na wewe na mimi tutaenda nyumbani na sifa mbaya."

Waliokuwa chumbani mle jioni ile walikuwa watatu. Mmoja amezikwa, mmoja ndiye mtuhumiwa. Taratibu akateremka kwenda kumngoja wa tatu, lakini kwanza Sajini.

*

Sajini alifika amevaa kiraia, shati limepigwa pasi, na wakili wake kijana akiwa na mkoba mzuri kuliko viatu vyake. Alimsalimia Taratibu kwa heshima, akampa pole ya kazi.

"Sisi sote tunatukanwa, mama," akasema. "Mimi na bastola yangu, wewe na kalamu yako."

Taratibu akammiminia maji, akawasha kinasa sauti, akamwomba aanze na alipoingia.

"Nilijitambulisha. Nikamwambia aweke silaha chini, mikono juu."

"Hukusema, 'Wewe, nakuita'?"

Sajini akafikiri. "Huenda. Mwanzoni."

"Akakujibu?"

"Akanijibu. Nitakuua."

"Mara moja?"

"Mara mbili."

"Ilisikika vizuri? Hakumung'unya?"

"Mama, hadi ng'ambo ya barabara walisikia."

"Uso wake uliuona?"

"Mlangoni kulikuwa na mwanga bado. Niliuona kama ninavyokuona wewe."

"Na mdomo?"

Wakili akajisogeza kwenye kiti, akataka kujua mdomo unahusikaje. Taratibu akasema yeye ni mzito wa kuelewa, anapenda kuiona picha yote. Sajini akamtuliza wakili kwa mkono, kama mtu mkubwa anayemtuliza mdogo wake.

"Ulikuwa wazi, meno yote nje. Mtu anapiga kelele, utaufumbaje?"

"Mkono wa nyundo?"

"Juu, hivi." Akainua ngumi usawa wa sikio.

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto sikuuangalia. Ukiwa kazini unaangalia silaha, huangalii mkono mtupu."

Taratibu akaandika, kisha akamsomea yote mstari kwa mstari. Sajini alisahihisha neno moja tu. Palipoandikwa "akanijia" alitaka iwe "akanirukia." Akasaini ukurasa baada ya ukurasa, wakili akatia sahihi pembeni. Taratibu akawaomba wakae chumba cha ghorofa ya pili wangoje nakala zao. Hakutaka wakutane na mtu ngazini. Sajini akamshukuru kwa ustaarabu wake, na alimaanisha.

*

Dereva alikuwa kijana wa sura ya kitoto, kofia ameikunja mapajani. Kabla hajaulizwa alianza: tuliingia, Sajini akajitambulisha, mtuhumiwa akanyanyua nyundo, akapiga kelele. Alikuwa anakariri kama mtu anayeogopa kusahau katikati. Taratibu akamwacha amalize. Kisha akaweka kalamu chini.

"Usiniambie," akasema. "Nionyeshe."

Akaivuta meza katikati ya chumba. Hii ni kochi, akasema. Akampa mashine ya kubania karatasi. Hii ni nyundo. Wewe ndiye fundi.

"Mimi, mama?" Dereva akacheka kidogo, cheko la kuomba asaidiwe. Hakusaidiwa. Akapiga magoti nyuma ya meza.

Taratibu akaenda mlangoni, akasimama pale ambapo Sajini angesimama.

"Alikuwa hivyo ulipomwona?"

"Alikuwa ameinama zaidi. Anagonga." Dereva akainama zaidi, mkono wa kushoto ukabonyeza meza kama unavuta kitambaa, wa kulia ukagonga mara mbili.

"Wewe!" Taratibu akasema, si kwa nguvu.

Maneno alikuwa ameyafundishwa. Mwili haukuwa umefundishwa na mtu. Kichwa cha Dereva kiligeuka mlangoni. Mkono wa kulia ukatua mezani pamoja na ile nyundo. Mkono wa kushoto ukaacha kitambaa, ukapanda polepole hadi chini ya kidevu, kiganja kimekingwa, na kichwa kikainama kukifuata. Akabaki hivyo.

"Halafu?"

"Halafu, mama... ndiyo hapo."

"Hapo ndipo nini?"

"Hapo ndipo ililia."

Nje, mtu wa kipaza sauti alikuwa akiwaongoza watu kwenye wimbo, hukujua ni wa upande upi.

"Nyundo iko wapi sasa?"

Dereva akautazama mkono wake wa kulia uliolala mezani, akautazama kama wa mtu mwingine.

"Na huo wa kushoto unafanya nini?"

"Sijui. Nilidhani anataka kutapika. Watu wakiona bastola wengine hutapika."

Taratibu akaja, akaiweka picha ya eksirei mezani mbele ya uso wake, akaigusa kwa kidole, shavuni, kisha kooni. Akamwambia ni misumari. Akamwambia mafundi hawa huishika mdomoni, na wakiitwa huitema mkononi kwanza ndipo waitike. Alisema hayo bila kupandisha sauti, kama anavyomwelekeza mtu njia.

Dereva hakunyanyuka. Ni akiwa bado amepiga magoti ndipo alipoyatoa yote. Risasi ilipolia, Sajini mwenyewe alishtuka, alirudi nyuma hatua, akasema Mungu wangu. Walipoingia garini Sajini akamwuliza, umesikia alivyosema atatuua? Yeye akasema hapana, afande, sikusikia. Wakaendesha kidogo, akaulizwa tena. Akanyamaza. Wakakaribia geti la kituo, akaulizwa tena, safari hii mkono wa Sajini uko begani kwake, mwepesi tu.

"Mara ya tatu, mama, nilisikia," Dereva akasema. "Nakuapia. Nilisikia kabisa."

"Na sasa?"

Alifuta uso kwa kofia. Akasema Sajini ndiye aliyesimamia harusi yake, ndiye aliyemwombea nyumba ya kambini, na mke wa Sajini yuko kwao leo hii anamsaidia mkewe na mtoto mchanga. Akauliza kama akisema ukweli naye atashtakiwa. Taratibu hakumdanganya. Alimwambia kwa yale maelezo ya uongo huenda akashtakiwa, na kwamba kusema ukweli kutamsaidia ila hakutamfutia.

"Leo nirudi nyumbani nikamkute yule mama jikoni kwangu," Dereva akasema. "Nimwamkie nini?"

Taratibu alirudisha meza mahali pake, akamwekea karatasi na kalamu, akakaa upande wa pili akangoja. Kijana aliishika kalamu muda mrefu. Kisha akaanza kuandika, na safari hii hakukariri, alifuta, akarudia, akauliza neno "kiganja" linaandikwaje akiwa analijua.

*

Asubuhi mwendesha mashtaka alishuka hadi katikati ya ngazi, akasoma karatasi yake bila kuinua macho. Sajini anashtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na kwa kutoa maelezo ya uongo. Wa upande wa fundi wakazomea, wakisema bila kukusudia ni nini, risasi ilijifyatua yenyewe? Wa upande wa Sajini wakazomea zaidi. Muuza mitumba alikuwa mstari wa mbele na picha yake, analia. Bwana mrefu alisimama mbali na wote, chini ya ukuta, mikono mifukoni. Kinyozi yeyote mwenye redio angepata la kuongezea sauti kwa miezi.

Mjane hakutoka nje. Taratibu alimkuta kwenye benchi la korido, mkoba magotini, amekaa kama mtu anayengoja zamu yake hospitali. Akakaa karibu naye. Akamweleza yote kwa utaratibu, kosa alilosomewa Sajini, karatasi ya daktari, ushahidi wa Dereva. Mjane alisikiliza bila kukatiza.

"Binti yangu nimwambie nini?"

"Mwambie baba yake hakumtukana mtu wala hakumtisha mtu. Imeandikwa, na aliyekuwepo ametia sahihi. Akiambiwa vingine shuleni, niite, nitakuja mwenyewe."

Mjane akaitikia kwa kichwa. Akafungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu.

"Ule mkono, dada. Angengojwa, angejibu?"

"Angejibu."

"Angengojwa kiasi gani?"

Katika miaka yake ya kazi hii Taratibu alikuwa amejifunza namna nyingi za kulizunguka swali la mfiwa, na zote zilimjia pale pale, zikapanga foleni. Akaziacha zipite.

"Pumzi moja, mdogo wangu."

Mjane akafumba macho. Akavuta pumzi, akaijaza kifuani, akaishikilia, kisha akaiachia polepole mpaka ikaisha yote. Huko nje kipaza sauti kilikuwa kimeanza upya.

"Ni ndefu," akasema.